Mali Ikishauzwa Hairudishwi: Historia ya Haki ya Mnunuzi katika Pwani ya Afrika Mashariki

Maneno "mali ikishauzwa hairudishwi", ambayo hupigwa chapa chini ya risiti na kubandikwa ukutani nyuma ya meza ya muuzaji katika miji ya Kenya na Tanzania, huchukuliwa na wanunuzi wengi, na hata na wenye maduka wenyewe, kuwa ni mila ya biashara isiyojulikana ilianza lini. Sheria zilizotumika pwani kwa karne nyingi zinaonyesha kinyume chake. Kwa sehemu kubwa ya historia hiyo kanuni ilikuwa kwamba mali yenye kasoro hurudi kwa aliyeiuza na fedha hurudi kwa aliyezitoa, na sharti la kumzuia mnunuzi asirudishe lilijulikana, lilijadiliwa na wanazuoni, na kwa sehemu kubwa likakataliwa.

Habari ya zamani ya mauzo kubatilishwa katika pwani hii inapatikana kwa Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mogadishu mwaka 1331 kabla ya kuendelea na safari yake hadi Mombasa na Kilwa. Alieleza kuwa meli ilipotia nanga, vijana wa mji waliiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja amebeba chakula, na kila mfanyabiashara mgeni akachukuliwa na mwenyeji wake, ambaye ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alichotaka. Mtu aliyenunua kwa mgeni huyo kwa bei ya chini mno, au aliyemuuzia kitu bila mwenyeji kuwapo, mauzo yake hayakutambuliwa na watu wa mji. Kwa hiyo mwenyeji alikuwa dalali na mdhamini kwa pamoja, na heshima yake ndiyo iliyosimama nyuma ya bei. Ni kweli kwamba utaratibu huo uliwanufaisha pia wenyeji wenyewe, kwa kuwa hakuna biashara iliyowapita kando. Hata hivyo unathibitisha kwamba katika karne ya 14 wazo la kuwa mauzo yaliyokwisha kufanyika yanaweza kutenguliwa kwa sababu ya udanganyifu halikuwa geni pwani.

Sheria iliyotoa msingi wa wazo hilo ni sheria ya Kiislamu kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo iliyofuatwa na Waswahili wengi, ingawa watawala wa Kiomani waliokuja baadaye walikuwa Maibadhi. Kitabu kilichotegemewa zaidi na makadhi wa Kishafi wa Afrika Mashariki kilikuwa *Minhaj at-Talibin* cha Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277, na mlango wake wa biashara una maelezo marefu juu ya hiari, yaani haki ya mmoja wa waliouziana kuchagua kati ya kuyathibitisha mauzo na kuyavunja. Hiari ya kwanza ni ya kikao: maadamu muuzaji na mnunuzi hawajaachana pale walipopatana, kila mmoja anaweza kughairi hata bila ya sababu, kanuni ambayo madhehebu ya Hanafi na ya Maliki hayakuikubali. Ya pili ni ya sharti, ambapo wawili hao hukubaliana kupeana muda wa kufikiri, nao kwa Mashafi hauzidi siku 3. Ya tatu, ambayo ndiyo yenye uzito katika madai ya kurudishiwa fedha, ni hiari ya aibu, na aibu katika lugha ya sheria ni kasoro yoyote inayopunguza kitu chenyewe au thamani yake, ikiwa kwa kawaida vitu vya aina hiyo havina kasoro hiyo.

Hiari ya aibu ilikuwa na masharti makali kwa mnunuzi pia, na hapa ndipo ufundi wa wanazuoni unapoonekana. Aliyegundua kasoro alitakiwa kuirudisha mali mara moja, lakini "mara moja" ilipimwa kwa desturi za watu: aliyeigundua akiwa katika sala au akila chakula aliruhusiwa kumaliza kwanza, na aliyeigundua usiku alingoja kupambazuke. Akiendelea kukitumia kitu baada ya kuijua kasoro, alihesabiwa kuwa ameridhika na haki yake ikaanguka. Ikiwa mali imepata kasoro mpya ikiwa mikononi mwake, hakuweza tena kumlazimisha muuzaji aipokee. Hapo ndipo ilipoingia fidia, ambayo ni sehemu ya bei inayolingana na thamani iliyopotea kwa kasoro ya zamani. Hata hila zilitajwa kwa majina. Mfugaji aliyefunga chuchu za mnyama siku kadhaa bila kumkama, ili mnunuzi aone kiwele kimejaa na kudhani maziwa ni mengi, alirudishiwa mnyama wake pamoja na pishi moja ya tende badala ya maziwa yaliyokwisha kukamwa.

Jambo linalowahusu moja kwa moja wenye risiti za leo ni swali la muuzaji anayesema tangu mwanzo kwamba anauza kwa sharti la kutodaiwa kasoro yoyote. *Minhaj* inalijibu kwa kutoa kauli yenye nguvu zaidi katika madhehebu: sharti hilo humwokoa muuzaji katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua, kwa kuwa mnyama anaweza kuwa mgonjwa bila dalili kuonekana, lakini halimwokoi katika kasoro nyingine, wala katika ile aliyoijua akaificha. Muuza nguo, muuza mchele au muuza sufuria hakuwa na mahali pa kujificha. Haifai, hata hivyo, kuisifu sheria hii bila kutaja upande wake mwingine: mifano mingi ya aibu katika vitabu hivyo ni ya watumwa, ambao kutoroka na kuiba kulihesabiwa kasoro zilizompa mnunuzi haki ya kumrudisha mtumwa na kudai fedha zake, na ulinzi huo wa mnunuzi ulitumika kwa mali ya kibinadamu mpaka soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873.

Kati ya kitabu cha kadhi na soko lenyewe kulikuwa na vipimo, na kwa kawaida mnunuzi mdogo alipunjwa katika vipimo kabla hajaibiwa katika ubora. Nafaka ilipimwa kwa kibaba, chombo cha ujazo wa takriban ratili moja na nusu, na vibaba 4 vilifanya pishi, kipimo kilekile ambacho Waislamu wa pwani hukitumia hadi leo kukadiria zaka ya fitri. Lakini kibaba kilikuwa cha namna mbili: cha mfuto, kilichosawazishwa ukingoni, na cha tele, kilichojazwa mpaka nafaka ikasimama juu kama kichuguu, na tofauti kati ya viwili hivyo ndiyo iliyokuwa faida ya muuzaji asiye mwaminifu, ambaye angeweza kununua kwa mkulima kwa tele na kumuuzia mpishi wa mjini kwa mfuto bila kusema neno moja la uongo. Nguo nazo zilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole, na doti moja ilikuwa mikono 8. Kwa kipimo kinachotembea na mwili wa mtu, ugomvi haukukosa pa kuanzia. Tatizo hilo la vipimo halijatoweka: wakulima wa Tanzania bado wanapambana na lumbesa, gunia linaloshonewa kilemba juu ya mdomo wake ili libebe zaidi ya kipimo huku likilipwa kama gunia moja.

Katika karne ya 19 umbali uliongeza tatizo ambalo vitabu havikulitazamia vya kutosha. Merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilichotoka viwanda vya kaskazini-mashariki ya Marekani na kuingizwa Unguja kwa wingi na wafanyabiashara wa Salem baada ya mkataba wa mwaka 1833, kilipendwa bara kwa sababu ya uimara wake, na kwa hiyo kilikaribisha waigaji. Robota lililofungwa Unguja lingeweza kufunguliwa Tabora au Ujiji baada ya miezi kadhaa, na mwenye msafara aliyekuta nguo pungufu au dhaifu hakuwa na njia ya kuirudisha "mara moja" kwa mtu aliyeachana naye ng'ambo ya bahari. Haki ilikuwapo, lakini mguu wa kuifuata haukuwapo.

Pigo jingine, ambalo halikuonekana kuwa pigo wakati lilipotokea, lilihusu mahakama. Wenye maduka wengi wa Unguja na wakopeshaji wao walikuwa Wahindi waliohesabiwa kuwa raia wa himaya ya Uingereza, na kwa mikataba ya Sultani na kwa amri ya kifalme ya mwaka 1866 kesi dhidi yao zilikwenda kwa balozi wa Uingereza badala ya kadhi. Raia wa Sultani aliyenunua bidhaa mbovu kwa mwenye duka wa namna hiyo ilimbidi kudai katika baraza lililofuata sheria za India ya Kiingereza, ambazo yeye hakuzijua, ilhali mwenye duka alikuwa na jamaa na waandishi waliozijua. Ni vigumu kuwalaumu Wahindi kama taifa, jambo ambalo masimulizi mengi ya mitaani hufanya kwa wepesi. Duka la rejareja la kibanda kimoja, lililouza kwa mkopo katika vijiji ambako hakuna mwingine aliyethubutu kwenda, liliendeshwa kwa faida ndogo, na mwenye duka mwenyewe alidaiwa na mfanyabiashara mkubwa wa mjini.

Utawala wa kikoloni uliimarisha mabadiliko hayo kwa maandishi. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, iliyokuwa na sura nzima ya uuzaji wa bidhaa, ilitumika katika himaya ya Afrika Mashariki tangu mwisho wa karne ya 19 na Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1930, ambapo Kenya, Tanganyika na Uganda zilitungiwa sheria za uuzaji wa bidhaa zilizonakiliwa kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, kazi ya mwanasheria Mackenzie Chalmers. Kinyume na inavyodhaniwa, sheria hiyo haikumwacha mnunuzi mtupu: ilihesabu kwamba kila uuzaji wa mfanyabiashara unabeba ndani yake ahadi zisizotamkwa, kwamba bidhaa inalingana na maelezo yake na kwamba inafaa kwa matumizi ambayo mnunuzi amemjulisha muuzaji, na ahadi hizo zikivunjwa mnunuzi anaweza kuikataa bidhaa. Lakini kifungu chake cha 55 kiliruhusu ahadi hizo zifutwe kwa makubaliano, na hapo ndipo mlango uliofungwa na *Minhaj* ulipofunguliwa. Wafanyabiashara walihitaji mstari mmoja tu wa maandishi, na mstari huo ndio uliopo kwenye risiti.

Baada ya uhuru, Tanzania ilipitia kipindi ambacho suala la kurudisha bidhaa lilikaribia kufa lenyewe. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifuatwa na kutaifishwa kwa biashara ya jumla, mashirika ya biashara ya mikoa yakashika ugawaji katika miaka ya 1970, na Operesheni Maduka ya mwaka 1976 ikataka maduka ya watu binafsi yaachie nafasi maduka ya ushirika vijijini. Uhaba ulipozidi, mtu aliyesimama foleni tangu alfajiri kwa ajili ya sabuni au sukari hakuwa na fikra ya kuirudisha, hata kama ilikuwa na unyevu. Neno lililotawala lilikuwa ulanguzi, na kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi ilimtazama muuzaji mwovu kama mtu anayeficha bidhaa, wala si kama anayeuza bidhaa mbovu. Ulikuwa uovu wa kweli, lakini kuushughulikia peke yake kuliwafundisha wanunuzi wa kizazi kizima kushukuru kwa kupata.

Milango ya uagizaji ilipofunguliwa kuanzia mwaka 1984, bidhaa zilijaa na feki zikaingia nazo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nchini Tanzania ilitaja wazi kwamba lengo lake mojawapo ni kuwalinda walaji dhidi ya mwenendo wa udanganyifu sokoni, na Tume ya Ushindani ikapewa kazi hiyo. Uzito wa tatizo ulionekana Juni 16, 2016, pale simu bandia zilipozimwa kwenye mitandao yote ya nchi, kama Kenya ilivyofanya mwaka 2012. Hatua hiyo ilikuwa halali, lakini hasara iliwaangukia kwanza watu waliokuwa wamelipa fedha halisi kwa simu zisizo halisi, na wengi wao hawakuwa na risiti ya kumpelekea muuzaji, na wenye risiti walikuta juu yake ule mstari wa zamani.

Uingereza yenyewe, mama wa kifungu cha 55, iliwanyima wauzaji mwaka 1973 uwezo wa kuzifuta ahadi hizo dhidi ya mnunuzi wa kawaida, na kwa amri ya mwaka 1976 ikafanya kuwa kosa la jinai kubandika dukani tangazo linalodai kumnyima mnunuzi haki hiyo. Kenya ilifika huko kwa njia yake: kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro, na Sheria ya Ulinzi wa Walaji ya mwaka 2012 inabatilisha sharti lolote linalojaribu kuziondoa dhamana za sheria ya uuzaji wa bidhaa. Kwa hiyo mwenye duka wa Mombasa anayeandika kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, akakusudia hata mali mbovu, anaandika jambo ambalo sheria ya nchi yake imelifuta, na ambalo kadhi wa mji huohuo, miaka mia mbili kabla yake, asingelikubali.