Takwimu Zilizositiriwa

Katika kiapo kinachonasibishwa na Hippocrates wa Uyunani, ambacho umri wake umepita miaka 2,000, tabibu huahidi kwamba nyumba yoyote atakayoingia ataingia kwa manufaa ya mgonjwa tu, na kwamba atajiepusha na kuwaingilia wanawake na wanaume atakaowakuta humo, wawe waungwana au watumwa. Watu hawali yamini juu ya jambo lisilotendeka, kwa hiyo yaelekea wazee wa kazi hiyo waliijua fitina yake tangu zamani. Ila kuijua si kuwa radhi kuihesabu, na hesabu yenyewe haikuanza mpaka karne ya 20 ilipokuwa inaelekea ukingoni.

Mwaka 1968, Bertram Forer, mwanasaikolojia wa Los Angeles nchini Marekani, aliwauliza wenziwe wa chama cha wanasaikolojia cha eneo lile kama walipata kulala na watu waliowajia kutibiwa nyoyo zao, na majibu yalipokusanywa ikadhihirika kwamba miongoni mwa wanaume waliokuwa na ofisi zao wenyewe, asilimia 17 walikiri. Wakuu wa chama walitafakari, wakaamua kwamba kuyatangaza matokeo hayo hakukuwa na maslahi kwa fani yao. Yakafungiwa, na miaka kadhaa ikapita kabla watu wa nje hawajayasikia. Ajabu ni kwamba hawa ndio waliokuwa wakiwausia wagonjwa, asubuhi na jioni, kwamba linalofichwa moyoni ndilo liumizalo.

Naye Clay Dahlberg wa New York, aliyeandika mwaka 1970 habari za wagonjwa tisa waliofikwa na mkasa huo, alihangaika kutafuta mahali pa kuisoma makala yake, kwa kuwa kila alikobisha aliambiwa kwamba italeta mabishano. Hatimaye, mwaka 1973, Sheldon Kardener na wenzake wakachapisha majibu ya matabibu 460 wa Los Angeles, wakiwamo wapasuaji na wa maradhi ya wanawake: kati ya asilimia 5 na 13 walikuwa wamewagusa wagonjwa kwa matamanio. Kwa mara hii takwimu haikusitiriwa, na aliyetaka kukana alilazimika kubishana na hesabu.

Hata hivyo, amwulizaye mkosaji habari za kosa lake hapati ila sehemu ya ukweli, maana wapo wasiojibu kabisa, na wajibuo wana kila sababu ya kupunguza. Na mgonjwa mwenyewe hakuulizwa neno. Kwa maoni yangu, kazi hasa ilianza mwaka 1983, Jacqueline Bouhoutsos na wenzake wa California walipowauliza wanasaikolojia juu ya wagonjwa waliowapokea kutoka kwa wataalamu wengine. Zikapatikana habari za wagonjwa 559, na katika kila kumi, tisa hivi walikuwa wamedhurika: wapo walioshindwa kumwamini tena mtu yeyote wa kuwatibu, wapo waliolazwa hospitalini, na wapo waliojiua. Kabla ya hapo hawakukosekana matabibu waliothubutu kudai kwamba mapenzi ya namna ile huenda yakawa dawa. Baada ya hapo dai hilo halikuwa na pa kusimama, na majimbo ya Wisconsin na Minnesota, katikati ya miaka ya 1980, yakakifanya kitendo hicho kuwa jinai, ijapokuwa mgonjwa aliridhia.

Mwaka 1986 Nanette Gartrell, akishirikiana na Judith Herman na wengineo, alitoa majibu ya matabibu wa maradhi ya akili 1,442 kutoka Marekani nzima, ambamo asilimia 7.1 ya wanaume na 3.1 ya wanawake walikiri. Wasomaji wengi huishia kwenye takwimu hizo mbili, ilhali imo ya tatu iliyo nzito zaidi: asilimia 65 ya waliojibu walikuwa wamekwisha kumtibu mtu aliyeingiliwa na mtaalamu aliyewatangulia, na wengi wao walikiri kwamba kitendo kile kilimdhuru mgonjwa, lakini visa walivyovipeleka mbele ya wenye mamlaka vilikuwa asilimia 8 tu.