Bibi Titi Mohamed (1926–2000)
Kabla ya siasa alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, Dar es Salaam. Mwaka 1955 alikabidhiwa kitengo cha wanawake cha TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, akawafuata wenzake kwenye vikundi vyao vya ngoma hadi maelfu wakachukua kadi. Wanawake hao ndio waliokibeba chama, ingawa simulizi nyingi za uhuru huwapita haraka.

Baadaye akaongoza UWT, umoja wa wanawake ulioundwa 1962, akawa mbunge na naibu waziri. Azimio la Arusha la 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa, likawakataza viongozi kupangisha nyumba. Yeye alikuwa na nyumba za kupangisha. Akajiuzulu Kamati Kuu ya TANU. Alikamatwa 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akaachiliwa 1972.

Ukitoka hapa Kijenge, Arusha, pita Makumbusho ya Azimio la Arusha, Kaloleni, ujue zaidi kuhusu azimio hilo.