Fuwele iliyosubiri miaka 51

Sisi wa magazetini, habari ikilala siku mbili tunasema imechacha. Hii ninayowaletea leo ililala miaka 51 na bado ni mbichi.

Mwaka 1839 Mjerumani Gustav Rose alieleza madini mapya kutoka milima ya Ural, Urusi, akayapa jina la Lev Perovski, kigogo wa huko. Leo perovskiti ni jina la ukoo mzima wa fuwele ambazo atomi zake zimejipanga kama za madini yale. Mwaka 1893 Horace Wells wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alitengeneza chumvi za sesiamu na risasi, akizichanganya na klorini, bromini au iodini. Eksirei ilikuwa haijagunduliwa, hivyo hakuweza kuona zimejipanga vipi ndani.

Aliyeona ni Christian Møller wa Copenhagen, mwaka 1958. Tena akakuta zikimulikwa zinapitisha umeme! Akachapisha kwenye jarida la Nature, mchana kweupe. Kikafuata kimya. Mwaka 1978 Dieter Weber wa Stuttgart aliondoa sesiamu akaweka methilamonia, lakini bado hakuna aliyezipeleka kwenye umeme wa jua.

Mpaka mwaka 2009, Japani. Mwanafunzi Akihiro Kojima na profesa wake Tsutomu Miyasaka walizitia kwenye seli ya jua, wakapata asilimia 3.8 tu ya nguvu ya mwanga, tena seli ikafa upesi kwa kuwa kimiminika kilichokuwamo kiliyeyusha fuwele. Mwaka 2012 wengine wakaweka kitu kikavu badala ya kimiminika, wakakaribia asilimia 10. Leo rekodi za maabara zimepita 26, na perovskiti ikiwekwa juu ya silikoni zimepita 34.

Utamu wake ni kwamba unayeyusha chumvi, unapaka utando mwembamba, unakausha kwa joto la nyuzi 100 hivi. Silikoni huyeyuka kwenye nyuzi 1,414.

Tusishangilie mapema, wadau. Unyevu na joto huziharibu, na risasi ni sumu. Paneli ya silikoni hukaa juu ya bati miaka 25, na hapo ndipo mtihani ulipo.

Kinachonisumbua mimi ni ile miaka 51. Møller hakuficha kitu, ila aliyekuwa akitafuta umeme hakuwa akisoma habari za fuwele. Je, maktaba zetu zimelaza nini kingine? Semeni.