Jina la Mlinda Lango: Juu ya Kuhakiki Habari za Leigh Richmond Roose, Pamoja na Neno Juu ya Habari za Buha

Atafutaye habari za maisha ya mtu wa zamani huanza na jina, kwa kuwa jina ndilo kamba ya kuvutia ndoo kisimani. Kamba ikikatika, maji yamo lakini hayatekeki. Makala haya yanaeleza habari za mtu mmoja ambaye kamba yake ilikatwa na herufi moja tu. Wala hakuwa mtu wa nchi isiyo na madaftari. Alikuwa mchezaji mashuhuri wa mpira katika Visiwa vya Uingereza, na jina lake lilipigwa chapa magazetini kwa miaka zaidi ya kumi. Nimemchagua kwa makusudi. Wengi wetu tunaotafuta habari za nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Titye mpaka Kibondo, tumezoea kudhani kwamba shida yetu yote ni ukosefu wa maandishi. Habari za mtu huyu zaonyesha kwamba maandishi nayo hupoteza watu.

Leigh Richmond Roose alizaliwa tarehe 27 Novemba 1877 katika kijiji cha Holt, karibu na Wrexham, kaskazini ya nchi ya Wales. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri. Kijana alipelekwa kusoma Aberystwyth, na huko ndiko alikoanza kujulikana kwa kusimama langoni. Mwaka 1900 timu ya mji ule ilitwaa Kombe la Wales, naye akiwa mlinda lango wake. Na mwezi wa Februari mwaka huohuo aliichezea nchi yake kwa mara ya kwanza, dhidi ya Ireland, mjini Llandudno. Hata kufikia mwaka 1911 alikuwa ameichezea Wales mara 24, na miongoni mwa miaka hiyo ni ule wa 1907, Wales iliposhinda mashindano ya mataifa manne ya visiwa vile. Vilabu vyake vilikuwa vingi: Stoke, Everton, Sunderland, Huddersfield, Aston Villa, Woolwich Arsenal, na hata Celtic ya Scotland, ambayo aliichezea mchezo mmoja tu mwaka 1910. Jina la Sunderland si geni kwa msomaji wa Tanzania, maana klabu ya Dar es Salaam iliyoasisiwa mwaka 1936 iliitwa jina hilo kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971. Kwa hiyo hata maneno mepesi kama “mlinda lango wa Sunderland” humlazimu mtafiti kuuliza kwanza: Sunderland ipi?

Habari nilizozitaja hivi sasa ni imara, na sababu yake yafaa ielezwe. Orodha ya wachezaji wa mchezo fulani huandikwa siku ileile ya mchezo, na mtu asiyekuwa na haja ya kumsifu wala kumshutumu mmoja wao. Husomwa na maelfu waliokuwapo uwanjani, ambao wangelalamika kama ingekosewa. Ushahidi wa namna hii ni mkavu, hauna utamu, lakini hauchakai.

Utamu umo mahali pengine. Roose alikuwa mchezaji wa ridhaa, yaani asiyelipwa mshahara bali kurudishiwa gharama za safari na malazi yake. Mchezaji wa mshahara huacha mkataba, daftari la malipo na bei aliyouzwa nayo. Mchezaji wa ridhaa huhama kama ndege, na alama anazoziacha katika vitabu vya klabu ni chache. Pengo hilo hujazwa na masimulizi. Inasimuliwa kwamba alipokosa treni alikodi treni nzima kwa ajili yake peke yake na kuipelekea klabu ankara. Inasimuliwa pia kwamba katika hesabu zake aliandika vitu vya kuchekesha ili kuwadhihaki wakubwa wa mpira. Sisemi kwamba mambo hayo hayakuwa. Nasema kwamba ni hadithi za namna inayonoga kila inaposimuliwa, na kwamba mtu akiwa mcheshi kweli, kama alivyokuwa huyu, hutundikiwa vichekesho vya watu wengine pia. Wasomaji wanaomjua Abunuwasi hawahitaji kuelezwa zaidi.

Chukueni tena cheo cha “Daktari” alichopewa mara nyingi. Ni kweli alikwenda London kusomea uganga katika hospitali ya King's College. Lakini hakuhitimu kuwa daktari. Cheo kilitoka vinywani mwa watu, kikaingia magazetini, na kutoka magazetini kikarudi vinywani kikiwa kama kimethibitishwa. Mwenendo huu wa habari kuzunguka na kujitolea ushahidi wenyewe ni hatari kuliko uwongo wa kukusudia, kwa sababu hakuna mtu mwovu wa kumkamata.

Kadhalika husemwa kwamba alipokuwa mtoto alifundishwa na mwandishi H. G. Wells. Hakika ni kwamba Wells alifundisha kwa muda mfupi mwaka 1887 katika shule ya Holt, na kwamba aliumizwa vibaya kiwanjani huko katika mchezo wa mpira. Na Roose alikuwa mtoto wa Holt mwenye umri wa miaka tisa. Kutokana na hayo akili hurukia upesi picha ya mwalimu na mwanafunzi wake. Picha ni nzuri na yawezekana kuwa ya kweli, lakini ukaribu wa watu wawili katika kijiji kimoja si sawasawa na kujuana kwao, na mwenye kuhakiki hana budi kuyaweka mambo hayo mawili katika mizani mbalimbali.

Jambo la sheria ya mwaka 1912 ni la namna hiyohiyo. Kabla ya mwaka huo mlinda lango aliruhusiwa kuugusa mpira kwa mikono popote katika nusu yake ya kiwanja, ilimradi asitembee akiwa ameukamata. Roose aliitumia ruhusa hiyo kuliko wenzake wote: aliudundisha mpira mpaka karibu na mstari wa katikati, ndipo akaurusha au kuupiga mbele. Mwaka 1912 sheria ilibadilishwa, na mikono ya mlinda lango ikafungiwa ndani ya eneo la adhabu. Mabadiliko ni hakika, na mtindo wake ni hakika. Kumfanya yeye peke yake kuwa sababu ya sheria ni hukumu, tena hukumu ipendwayo sana na wapenzi wa mchezo, maana kila mtu hupenda sheria iwe na uso wa mtu.

Nafika sasa kwenye kisa chenyewe. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, Roose aliingia katika kikosi cha matabibu wa jeshi, akahudumu Ufaransa, kisha akapelekwa Gallipoli katika nchi ya Waturuki. Baada ya hapo jamaa zake hawakupata habari zake, wakaamini kwamba amefia huko. Kumbe alirudi London salama, na mwaka 1916 akajiandikisha upya kuwa askari wa kawaida katika kikosi cha 9 cha Royal Fusiliers. Katika maandishi ya kikosi hicho jina lake ni Rouse, si Roose. Herufi ya tatu ilikuwa o, ikawa u. Kwa jina hilo alipigana, kwa jina hilo akapata Nishani ya Kijeshi kwa ushujaa, na tarehe 7 Oktoba 1916, akiwa na umri wa miaka 38, akauawa katika mapigano ya Somme. Maiti yake haikupatikana. Mnara wa Thiepval ulipozinduliwa mwaka 1932, wenye majina zaidi ya 72,000 ya watu wasio na kaburi, jina lililochongwa lilikuwa Rouse.

Msomaji na autazame uzito wa irabu hiyo moja. Kwa jamaa zake, Roose alikuwa amekufa Gallipoli. Kwa jeshi, aliyekufa Somme alikuwa Rouse. Kila upande ulikuwa na habari kamili isiyopungukiwa na kitu, na kwa sababu hiyo hapakuwa na upande uliomtafuta mwenzake. Kumrudisha mtu huyu katika jina lake kulihitaji watu waziweke pamoja habari za uwanja na habari za jeshi, jambo ambalo Spencer Vignes alilifanya kwa urefu katika kitabu alichokitoa mwaka 2007.

Mwaka huohuo wa 1916 vita vilikuwa vimefika kwetu. Mwezi wa Julai majeshi ya Wabelgiji yaliingia Kigoma, na tarehe 19 Septemba yakaingia Tabora, siku 18 kabla ya kifo cha Roose. Nyuma ya kila bunduki walikuwako wapagazi waliochukua unga, risasi na majeruhi, na wengi wao walikufa kwa maradhi na uchovu. Mnara wa Askari wa Dar es Salaam, uliowekwa mwaka 1927, wawakumbuka askari na wapagazi kwa jumla, majina hayamo. Mwezi wa Aprili 1921 ilikuwa imepita karibu miaka mitano tangu vita vile kupita Buha. Mwezi wa Aprili 2021, miaka mia moja baadaye, tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda idadi ikafika 350,000. Roose alikosewa irabu moja, na irabu yaweza kusahihishwa. Ambaye hakuandikwa hana herufi ya kusahihishwa.

Hata hivyo katika Buha wako walioandikwa, na hao ndio wanaomhusu mtafiti wa leo. Mtu wa Kasulu aliyezaliwa mwishoni mwa karne ya 19 aliweza kuandikwa na karani wa Mjerumani kabla ya 1916, na wa Mbelgiji mpaka 1921, kisha na wa Mwingereza. Lugha tatu, kila moja na tahajia yake, na aghalabu katikati yake Kiswahili cha karani wa pwani asiyejua Kiha. Majina ya nchi yenyewe yatosha kuwa ushahidi. Tunaona Buha na Uha. Bujiji, Ujiji, na Udjidji ya Wajerumani. Ruguru na Luguru. Jina la Titye lina mfuatano wa herufi usiokuwamo katika Kiswahili Sanifu, na sikio lililozoea Kiswahili huweza kuliandika kwa ch au kwa tie bila kujua kwamba limekosea. Ikiwa kijiji kizima chaweza kubadilika hivyo, mtu mmoja je?

Tarehe nazo zina mitego yake. Wazee huhesabu kwa utawala, kwa sotoka ya miaka ya 1890, kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, kwa kuhamishwa kwa sababu ya malale katika miaka ya 1930. Hesabu hii ni nzuri, bora kuliko umri wa kukisia ulioandikwa na karani kwa kumtazama mtu usoni. Lakini “zama za Ntare” zataka swali la pili, kwa kuwa jina la Ntare lilichukuliwa na watawala zaidi ya mmoja wa Heru, na wa mwisho kujulikana sana alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare, aliyeshika utawala mwaka 1946.

Tena wengi wa vijana wa Kasulu na Kibondo walitoka kwao kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, hasa baada ya chombo cha kuajiri kiitwacho SILABU kuundwa mwaka 1944. Waliitwa manamba, neno litokanalo na nambari waliyopewa. Huko mtu alijulikana kwa nambari yake na kipande chake. Jina lilikuwa la ziada. Atakayemtafuta mchezaji wa Buha katika timu za mashamba hayo ajiandae kutafuta mtu aliyekuwa na nambari kabla ya kuwa na jina.

Limebaki neno juu ya kazi yenyewe. Kiswahili kimelipokea jambo hili kwa maneno mengi: golikipa, kipa, mlinda mlango, mlinda lango. Mawili ya kwanza hayana shaka, kwani yalikuja pamoja na mpira. La tatu ni la kuangaliwa. Mzee akisema kwamba baba yake “alikuwa mlinda mlango”, yamkini anamtaja mchezaji. Yamkini pia anamtaja bawabu wa boma, au mtu aliyesimama kwenye mwingilio wa ua wa mwami. Kwa hiyo aulizwe mlango wa nini. Na jibu liandikwe kwa Kiha kama lilivyotamkwa, pamoja na jina la mtu huyo, kabla ya mkono wowote kulisanifisha.