Josina Machel: Askari Aliyefundisha

Ndugu zangu tuliosoma hapa zamani, nanyi wanafunzi mnaokalia madawati yetu leo,

Mwaka 1971 nilikuwa kidato cha tatu. Sisi tuliosoma kusini miaka ile tulizoea kuona malori ya wapigania uhuru wa FRELIMO yakielekea kambi ya Nachingwea. Tuliwapungia mikono, kisha tukarudi kwenye vitabu vyetu. Katika mkutano wetu huu naomba tumkumbuke msichana mmoja aliyepita kambi ile: Josina Muthemba, ambaye baadaye aliitwa Josina Machel.

Alizaliwa Vilankulo, Msumbiji, tarehe 10 Agosti, 1945. Mwaka 1964 alitoroka na wanafunzi wenzake ili wajiunge na FRELIMO. Walikamatwa Rhodesia, wakarudishwa kwa Wareno, naye akafungwa. Hakukata tamaa. Alitoroka tena, na mwaka 1965 akafika Dar es Salaam, akafanya kazi katika Taasisi ya Msumbiji iliyosomesha vijana wa nchi yake.

Alipewa nafasi ya kwenda kusoma Uswisi. Akaikataa. Mwaka 1967 aliingia mafunzo ya kijeshi Nachingwea, pamoja na wasichana wa kwanza wa Kikosi cha Wanawake. Kazi yao haikuwa bunduki peke yake. Walikwenda kwa wananchi wa maeneo yaliyokombolewa, wakawaeleza sababu za vita, wakatunza wagonjwa na yatima. Mwaka 1969 Josina alikabidhiwa Idara ya Mambo ya Jamii. Alisimamia vituo vya watoto na kuwahimiza wazazi wawapeleke binti zao shule. Mwaka huohuo aliolewa na Samora Machel, wakapata mtoto wa kiume.

Afya yake ilidhoofika, lakini hakuacha safari za kikazi. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili, 1971, akiwa na umri wa miaka 25. Tarehe hiyo sasa ni Siku ya Mwanamke wa Msumbiji.

Sasa niseme yangu. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Tuliombwa twende kijijini jioni kufundisha kusoma. Mimi nilikwepa kwa kusingizia masomo, maana ndoto yangu ilikuwa kusoma Ulaya. Mzee mmoja jirani wa shule alikuwa akiniletea barua za mwanawe nimsomee. Nilimsomea, nikapokea ndizi zake, nikaenda zangu. Sikumfundisha hata herufi moja. Alifariki kabla sijamaliza kidato cha nne.

Nafasi niliyoiota mimi, Josina alikuwa ameshaipata na kuiacha, akaenda kufundisha.

Wanafunzi, someni kwa bidii, na mkipata nafasi ya kwenda mbali, nendeni. Lakini akija mzee na barua yake, msiishie kumsomea. Mpeni kalamu, mkae naye chini.