Mpagazi wa Betri

Wako watu wanaoihesabu miaka kwa vita, na wako wanaoihesabu kwa njaa. Mimi niliyekuwa dereva, mwaka 1982 naukumbuka kwa betri.

Msomaji wa leo huenda akanicheka. Siku hizi betri zimepangwa madukani Tarime na Mugumu kama mikate, nyingine hazihitaji hata kuongezwa maji. Lakini wakati ule mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekomba hazina. Fedha za kigeni hazikuwapo, na pasipo fedha za kigeni hapakuwa na vipuri. Magari mengi ya serikali yalisimama juu ya mawe, yakipungua kidogo kidogo: leo taa, kesho stata, keshokutwa magurudumu.

Land Rover yangu ilikuwa ya petroli, ya chesisi ndefu, nayo ilikuwa bado hai, ila betri yake ilikuwa imekufa. Kwa miezi kadhaa niliiegesha mteremkoni kila jioni ili asubuhi iwake kwa kuporomoka. Pasipo mteremko nilitumia hendeli, na pasipo nguvu za hendeli niliwaomba wanafunzi wasukume. Maombi yangu ya betri mpya yalikuwa yamekwenda ofisini mara tatu, na mara tatu nilijibiwa nivute subira.

Ugonjwa hauvuti subira. Mwaka ule sotoka ilikuwa imerudi kaskazini mwa Tanzania, na nyati wa Serengeti walikuwa wakifa. Wazee wa Kikurya waliijua sotoka kwa masimulizi ya babu zao, kwa maana ndiyo iliyofagia ng'ombe wa nchi hizi miaka ya 1890 na kuwaacha watu wakifa njaa. Chanjo ilikuwapo. Walter Plowright na wenzake waliitengeneza pale Muguga, karibu na Nairobi, kabla ya uhuru, nayo ilikuwa chanjo nzuri, lakini haikustahimili joto. Ilitaka barafu, na barafu ilitaka gari lisilosimama njiani. Tulikuwa na sanduku la chanjo la kupeleka ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti. Mkubwa wangu wa kazi aliniita akaniambia, "Ndugu, fanya ufanyavyo, gari liondoke kesho." Nilimwelewa, naye alijua nimemwelewa.

Fundi mmoja mzee pale mjini ndiye aliyenifundisha kuchagua betri. Aliniambia nisiulize bei kwanza. Niulize mambo manne: ni volti ngapi, ina nguvu kiasi gani, vichwa vyake vimekaa upande gani, na kimo chake ni kipi. Injini ya petroli haihitaji betri kubwa sana. Ya dizeli, inayobana hewa mara 23 dhidi ya mara 8 za petroli, ndiyo inayotaka betri ya nguvu. Tena akanionya kwamba Land Rover za zamani, mpaka karibu na 1967, zilifungwa chanya kwenye bodi, na zilizofuata zikafungwa hasi. Katika yadi moja unaweza kukuta za aina zote mbili. Anayefunga kwa mazoea huunguza dinamo au altaneta.

Nilimtuma kijana mmoja avuke kwenda Isebania usiku, kwa njia za ng'ombe. Ilikuwa magendo, nami nakiri hivyo. Alikuwa na miaka kama kumi na saba. Nilimtajia volti, nguvu na upande wa vichwa. Kimo nilikisahau. Na jambo moja kubwa zaidi sikumwambia: kwamba betri yenye tindikali hubebwa wima.

Alirudi kabla ya alfajiri, mzigo ukiwa mgongoni ndani ya gunia. Ulikuwa wa kilo ishirini hivi, na njiani alikuwa ameulaza ili umkae vizuri. Vifuniko vya betri vina vitundu vya kupumulia, nayo tindikali ilikuwa imepita humo. Shati lilikuwa limetoboka, na ngozi chini yake ilikuwa imebadilika rangi. Hakulia. Vijana wa kule hawafundishwi kulia.

Ninaandika haya kwa ajili ya jambo nililofanya baadaye. Nilimtua mzigo, nikalifungua gunia, nikaikagua betri kama imepasuka. Nilihesabu vifuniko sita. Nilitazama vichwa. Fundi mzee ndiye aliyeacha kila kitu, akakamata ndoo ya maji, akammwagia kijana mgongoni, kisha ndoo ya pili, kisha ya tatu. Aligeuka akanitazama. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Mura, umeanza na mzigo."

Tuliifunga betri ile kukicha, koroboi ikiwa mbali kwa sababu hewa inayotoka ndani ya betri hulipuka. Fundi alijazia tindikali iliyomwagika kutoka chupa yake ya akiba. Hakutia maji matupu. Nyaya za zamani tulizisafisha kwa maji ya magadi. Kisha akachukua donge la ugali wa muhogo, akaligawa mara mbili, akaweka juu ya vichwa, akashusha boneti taratibu. Tulipoifungua, ugali ulikuwa umebonyezwa hata ukawa kama karatasi. Betri ilikuwa ndefu. Katika barabara zetu, shimo la kwanza lingegonganisha vichwa na boneti, na gari lingewaka moto na chanjo ndani yake. Tuliondoa ubao wa chini, tukatandika kipande cha mpira wa tairi, tukaikaza kwa vyuma ili isichezecheze, tukapima tena kwa ugali. Waya wa chanya ulitangulia, wa hasi ukafungwa mwisho, ili spana ikigusa bodi pasitokee cheche. Stata ikalia mara moja tu, injini ikawaka.

Tulivuka Mto Mara siku ile ile, barafu ikiwa bado haijayeyuka. Ng'ombe walichanjwa.

Tangu hapo nimesoma habari za betri kwa namna mtu anavyosoma habari za mdeni wake. Gaston Planté wa Ufaransa aliigundua betri ya risasi na tindikali mwaka 1859. Camille Faure akaiboresha mwaka 1881 kwa kupaka sahani zake ute wa risasi, na ute huo ndio unaopukutika gari linaporuka mashimo, ndiyo maana betri za kwetu hufa mapema. Mwaka 1912 gari la Cadillac likawashwa kwa umeme badala ya hendeli. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Vitabu hivyo vyote husimulia jinsi mashine ilivyompumzisha binadamu.

Kwetu habari haikwenda moja kwa moja hivyo. Kabla ya magari, mizigo ya nchi hii ilikwenda kwa vichwa vya watu. Wajerumani walipojenga ngome yao Ikoma, vitu vilibebwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwakusanya wapagazi maelfu kwa maelfu, wengi wakafia njiani, na kikosi chao kimetuachia jina la Kariakoo. Gari lilipokuja tulidhani mpagazi amestaafu. Kumbe gari nalo lina njaa yake, na siku mpaka unapofungwa na hazina inapokauka, mpagazi huitwa tena, safari hii abebe roho ya gari lenyewe.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Mwaka 1999 Plowright alipewa Tuzo ya Chakula Duniani, naye aliistahili. Mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kwamba sotoka imekwisha kabisa. Nilifurahi kama mtu aliyeshika kamba ya ng'ombe katika kazi hiyo. Lakini nilimkumbuka pia yule kijana, ambaye hayumo katika taarifa yoyote, wala mimi sikumwandika popote kwa kuwa safari yake ilikuwa ya siri.

Nilikutana naye Sirari miaka kumi na zaidi baadaye, mtu mzima mwenye watoto. Nilimwomba radhi. Alicheka, akaniuliza, "Lakini gari liliwaka?" Nikamwambia liliwaka. Akasema, basi, akaagiza chai. Kovu lilionekana juu ya ukosi wa shati lake, nami ndiye niliyelipa ile chai.