TENGO JIPYA KATIKA CHOMBO CHA KALE: MATENGENEZO YA NGALAWA KAMA USHAHIDI WA HISTORIA

Utangulizi

Mengi yameandikwa juu ya asili ya ngalawa, lakini karibu yote yameandikwa kwa kukitazama chombo kizima, kilichokwisha kuundwa. Makala haya yanakusudia kukitazama chombo hicho katika saa ya udhaifu wake, yaani pale kinapovutwa pwani, matengo yake ya zamani yakafunguliwa na mapya yakafungwa mahali pake. Rai yangu ni kwamba swali la asili ya ngalawa, kwa jinsi lilivyozoeleka kuulizwa, lina kasoro tangu mwanzo. Gogo la ngalawa na matengo yake ni vitu viwili, vyenye umri mbalimbali na historia mbalimbali. Fundi analijua jambo hili kwa mikono yake. Sisi wa vyuoni hatuna budi kulijua kwa hoja.

1. Chombo na kazi ya matengo

Ngalawa ni mtumbwi uliochongwa katika gogo moja, mara nyingi la mwembe, wenye urefu wa meta 5 au 6 hivi, mlingoti mmoja na tanga la pembetatu. Huonekana Gazi, Shimoni na Vanga, na zaidi Mrima, Pemba na Unguja. Tumbo lake ni jembamba mno kuweza kuhimili tanga peke yake. Upepo wa kwanza ungekipindua chombo. Kwa sababu hiyo miti miwili hukingamishwa juu yake, na ncha za miti hiyo hushika ubao mrefu kila upande. Ubao huo ndio tengo, ambalo mahali pengine huitwa mrengu.

Yafaa ieleweke kwamba tengo halikuwekwa kwa ajili ya kuelea tu. Ubao wake hulazwa mshazari, na ncha yake ya mbele huchongwa ili ikate maji. Chombo kinapokwenda kwa kasi na kulalia upande wa demani, maji yapitayo chini ya ubao huo huusukuma juu, na hivyo chombo husimama. Lile tengo la goshini huinuka na kuning'inia karibu na uso wa maji, likiwa kama uzani wa upande wa pili. Kwa hiyo chombo kikitulia hulindwa na wepesi wa mti, na kikienda hulindwa na mwendo wake chenyewe.

2. Kufa na kuzaliwa kwa tengo

Gogo la ngalawa likitunzwa huishi miaka mingi. Hupakwa sifa ili lisinywe maji, ufa wake hukalafatiwa kwa pamba, na palipooza hukatwa na kuzibwa kwa hasho. Tengo halina bahati hiyo. Lenyewe ni jembamba, huloa na kukauka kila siku, hugonga mwamba wakati wa maji kupwa, na wadudu wa baharini hulitoboa. Likisha kunywa maji huwa zito, na badala ya kukiinua chombo hukivuta chini. Hapo hakuna hasho litakalofaa, sharti litolewe.

Kulibadili tengo si kazi ya kupigilia ubao mpya palipokuwa na wa zamani. Tengo moja likibadilishwa na la pili likaachwa, chombo huwa na ubavu mkavu mwepesi na ubavu mzito uliolowa, nacho huegemea. Ama matengo yote mawili hubadilishwa pamoja, ama fundi hulichonga jipya kwa tezo, akilipima kwa jicho, hata likalingana na mwenziwe. Mshazari wake pia hauna budi kurekebishwa: ukizidi, ubao huburura maji, ukipungua, hauinui. Hatimaye hufungwa kwa kamba, ambazo zamani zilikuwa za makumbi na siku hizi ni za nailoni. Kamba hupendelewa kuliko misumari, kwa kuwa kifungo cha kamba hulegea kidogo kwa wimbi, ilhali msumari huupasua ubao.

Hivyo basi, chombo kilichodumu kimekwisha kubadilishwa matengo mara nyingi, na kila badiliko lilikuwa uamuzi wa fundi: mti upi, upana gani, mshazari upi. Hapo ndipo historia ilipojificha.

3. Swali la asili

Mwaka 1934 James Hornell alitoa makala yake mashuhuri juu ya athari za Indonesia katika utamaduni wa Afrika Mashariki, na miongoni mwa hoja zake kuu ilikuwa ni matengo. Hoja hiyo ina nguvu. Katika bara zima la Afrika, mitumbwi yenye matengo ni ya mwambao huu wa mashariki, unaoelekea Komoro na Bukini. Pwani ya magharibi, yenye mitumbwi mikubwa na wavuvi hodari, haikuwa nayo. Aidha, mwaka 1951 Otto Dahl alionyesha undugu wa karibu kati ya lugha ya Kimalagasi na Kimaanyan cha Kalimantan. Watu waliovuka bahari hiyo wasingeweza kuja bila vyombo.

Hata hivyo, kutoka hapo wengine wamevuka mpaka wa ushahidi, wakaihesabu ngalawa nzima kuwa kitu cha kuletwa, na wenyeji kuwa wapokeaji tu. Ndipo matengenezo yanapotoa ushahidi wake. Tengo lililozoeleka Indonesia ni la mwanzi mnene, wenye hewa ndani yake, nalo huelea kwa wepesi wake. Tengo la ngalawa ni ubao, na sehemu kubwa ya kazi yake hufanywa na mshazari. Wazo la kukitegemeza chombo kwa ubavu laweza kuwa limevuka bahari. Tengo la ubao laelekea kuwa limezaliwa kwa kubadilishwa, mkono baada ya mkono, kwa miti iliyopatikana huku.

4. Ushahidi wa lugha

Lugha yaelekea kuunga mkono hoja hii. Neno tengo lina umbo la Kibantu lisilo na ugeni wowote. Kama vile tendo litokanavyo na -tenda, pigo na -piga, na pendo na -penda, ndivyo tengo liwezavyo kutokana na -tenga: kitu kilichotengwa na mwili wa chombo. Ikiwa nasaba hiyo ni sahihi, mabaharia wa pwani hawakulipokea jina pamoja na kitu. Walikitazama, wakakiita kwa lugha yao.

Neno ngalawa nalo limesafiri peke yake. Wakomoro husema galawa. Katika Kichewa, ngalawa ni chombo kikubwa cha majini, ilhali mtumbwi ni bwato. Matengo hayamo katika maana yake. Jina la chombo limefika mahali ambapo matengo hayakufika. Gogo na tengo, basi, vilitengana hata katika msamiati. Na msomaji wa magazeti anayekutana na mrengo wa kushoto na mrengo wa kulia katika habari za siasa anasoma, pasipo kujua, istilahi ya mvuvi.

Hitimisho

Mtepe ulitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na pamoja nao ukatoweka msamiati mwingi wa kushona na kushonua mbao. Ulipoundwa mfano wake mkubwa Zanzibar mwaka 2003, waundaji walilazimika kutegemea vielelezo na maandishi, kwa kuwa mafundi hawakuwapo tena wa kuulizwa. Ngalawa bado ipo, lakini boti za plastiki na injini zinaongezeka, nazo hazina tengo la kubadilishwa. Kamusi zetu zimetosheka kusema kwamba ngalawa ni mtumbwi wenye matengo, na hazisemi tengo hufungwaje, hupimwaje wala huozaje. Wanafunzi wetu wakitumwa kukusanya istilahi za bahari, na wasitumwe kwa chombo kilichokamilika. Watumwe pale kilipofunguliwa, kwa maana ni wakati wa kutengeneza tu ambapo kila kipande hulazimika kutajwa kwa jina lake.